Usitupe Dawa za Akili kwa Siku Moja

AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja. Anaandika hivi: "Pasta, mtoto wangu anakunywa dawa za akili tangu miezi 3. Anaendelea vizuri, lakini ananenepa na asubuhi anaamka na uzito. Sasa watu wa kikundi cha maombi wanasema ati dawa zile zinaharibu damu na kufunga roho, azitupe zote. Nifanye nini?"

Mbele ya kumjibu mama huyu, ni lazima niseme neno moja ambalo halinipendezi kusema. Shauri hilo la kutupa dawa, mimi mwenyewe nilikwisha kulitoa. Na kijana mmoja ndiye alilipa deni yake.

KIJANA WA MACHIMBONI

Ilikuwa mwaka 2019. Kijana huyo alikuwa na miaka 24. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Jamaa yake walikimbia eneo la Djugu mwanzo wa mwaka 2018, wakati nyumba nyingi zilichomwa. Njiani baba yake aliuawa, naye aliona. Kisha akaenda upande wa Mongbwalu kutafuta maisha, akaingia katika kazi ya zahabu.

Mchana aliweza kutumika. Usiku ndio ulikuwa adui yake. Akifunga macho, anaona moto. Akaanza kujilaza kwa kaikpo. Kaikpo iliposhindwa, mwenzake mmoja akamwonyesha vidonge vya Valium, vile vinavyouzwa kimoja kimoja kama karanga. Kwanza kimoja kilitosha. Kisha viwili. Baada ya miezi sita alikuwa mtu mwingine. Jiwe likianguka shimoni, anaruka. Mtu akimgusa mgongo, anageuka na ngumi. PDG wa shimo akamfukuza, na mama yake akamleta Bunia.

Munganga alimsikiliza muda mrefu. Hakumkataza Valium kwa mara moja, alianza kuipunguza pole pole. Tena akampa amitriptilini ya kunywa kila jioni, akamwambia arudi baada ya majuma mawili.

Basi, wakati huo kanisa letu lilikuwa na maombi ya kufunga kwa siku tatu. Kijana akanifuata nje, akaniuliza:

"Baba Pasta, dawa hizi niendelee kunywa wakati wa kufunga?"

Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wananingoja. Nikamjibu: "Mwanangu, uweke tumaini lako lote kwa Bwana. Dawa uache."

Akatii. Aliacha zote kwa siku moja, na maombi yalipokwisha hakuzirudia tena. Siku ya tatu jasho lilimtoka na mikono ilitetemeka. Siku ya nne na ya tano hakulala hata saa moja. Siku ya sita, mbele ya watu, alianguka na kifafa, damu ikatoka mdomoni kwa sababu alijiuma ulimi. Wengi wakapiga kelele ati ni pepo, na mimi pia niliweka mikono juu yake nikikemea. Mama yake hakungoja tumalize. Alisimamisha moto barabarani, wakambeba katikati ya watu wawili mpaka hospitali.

Jioni nilifika kumwona. Munganga aliniuliza neno moja tu: "Pasta, nani alimwambia aache?"

Nilinyamaza. Yeye akaelewa. Hakunigombeza. Alitwaa karatasi, akaketi nami kitandani kwa mgonjwa, akachora. Yale ninayowaandikia hapa chini yanatoka katika karatasi ile, na katika yale niliyosoma na kuuliza tangu siku ile.

KENGELE YA HATARI

Muumba wetu aliweka ndani ya mwili kengele ya hatari. Ukikutana na nyoka njiani, hukai kuwaza. Moyo unapiga mbio, pumzi inaongezeka, miguu inapata nguvu. Hiyo ni kazi ya homoni. Homoni ni kama mjumbe: inatengenezwa na tezi moja, inapita katika damu, inapeleka amri kwa viungo vingine vya mwili.

Homoni kubwa za kengele hii ni mbili. Ya kwanza ni adrenalini. Yenyewe inafika kwa nukta chache tu, nayo ndiyo inakufanya uruke. Ya pili ni kortizoli. Hiyo inapanda katika muda wa dakika, na inakaa zaidi. Inafungua akiba ya sukari ili misuli ipate chakula, inasaidia mishipa ya damu kubaki na nguvu, na inatuliza uvimbe ndani ya mwili. Tezi zinazotengeneza homoni hizi ni mbili, ndogo, nazo zimekaa juu ya figo kama kofia.

Watu wa machimbo wataelewa vizuri kwa mfano huu. Katika shimo kuna PDG, kuna kapita, na kuna wachimbaji. PDG haendi mwenyewe kuchimba. Anamwambia kapita, na kapita anawaambia wachimbaji. Mwili wetu uko hivyo. PDG ni sehemu moja ndogo ndani ya ubongo. Yeye akiona hatari, anatuma neno kwa kapita, ni kusema tezi moja iliyoning'inia chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya haragwe ndogo. Kapita anatuma neno kwa njia ya damu mpaka kwa tezi za juu ya figo. Hizo sasa zinatoa kortizoli.

Na hapa ndipo hekima ya Mungu inapoonekana. Kortizoli ikijaa katika damu, inapanda tena mpaka kwenye ubongo, inamwambia PDG na kapita: "Inatosha, simamisheni kazi." Nao wakisikia, wanasimamisha. Nyoka amekwenda zake, moyo unatulia, wewe unaendelea na safari.

Tena kortizoli ina saa zake. Kwa mtu mwenye afya anayelala usiku, inakuwa juu asubuhi wakati wa kuamka, inashuka mchana pole pole, na karibu ya usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Ndiyo sababu yule anayechimba usiku na kulala mchana, leo hivi kesho vile, anachoka hata kama hana ugonjwa. Anachanganya saa za mwili.

Habari hizi si maneno ya jana. Mwaka 1936 munganga mmoja aliyefanya kazi Montreal, nchi ya Kanada, jina lake Hans Selye, aliandika namna mwili wa mnyama unavyojibu kila aina ya mateso kwa njia moja, na tezi za juu ya figo zikivimba. Mwaka 1950 wataalamu watatu, Kendall, Reichstein na Hench, walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo.

KENGELE IKIKATAA KUNYAMAZA

Sasa tuulize: ikiwa nyoka haondoki? Ikiwa mtu amekimbia vita mara tatu, nne? Sisi wa Ituri tunajua. Tulipita katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003. Tuliona hospitali ya makanisa yetu ya Nyankunde ikishambuliwa mwezi wa Septemba 2002, na wagonjwa wakiuawa. Bunia yenyewe iliwaka moto mwezi wa Mei 2003. Tangu mwisho wa 2017 Djugu ikaanza tena. Mwaka 2018 Ebola ikafika, ikakaa hata 2020. Watoto waliozaliwa katikati ya mambo hayo ndio vijana wetu wa leo.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha hesabu waliyoifanya kwa watu wazima karibu 1,000 wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Katika kila watu 10, karibu 4 walikuwa na dalili za huzuni kubwa, ile inayoitwa depresio. Na karibu nusu walikuwa na dalili za kiwewe, ile tunayoita hapa troma. Ndugu yangu, ukiketi kanisani Siku ya Mungu, tazama benchi lako.

Katika depresio, kwa wagonjwa wengi kortizoli inabaki juu hata saa ambazo ilipaswa kushuka. Inasema "inatosha", lakini ubongo hausikii vizuri tena. Si wagonjwa wote walio hivyo, lakini ni wengi. Katika troma mambo ni tofauti kidogo. Mara nyingi adrenalini na ndugu zake ziko juu, ndiyo maana mtu anaruka akisikia mlango ukipigwa. Lakini kwa wengine kortizoli yenyewe inakutwa chini kuliko desturi. Kwa hiyo mtu asikudanganye ati atapima homoni moja katika damu na kukuambia kama wewe ni mgonjwa wa akili. Munganga mzuri anasikiliza, anauliza, anatazama. Ndivyo anavyojua.

Jambo moja lishike sana: mtu huyu si mwoga, wala hana imani ndogo. Kengele yake imekwama. Kumwambia "jikaze" ni kama kumwambia mtu wa malaria "acha kutetemeka".

DAWA ZINAGUSA KENGELE NAMNA GANI?

Dawa za akili si za aina moja. Tuzitazame kwa makundi, kwa majina yanayojulikana katika farmasi zetu.

Kundi la kwanza ni Valium, jina lake lingine diazepamu, pamoja na ndugu zake. Hizi zinatuliza ubongo upesi sana. PDG anapunguza amri, kortizoli na adrenalini vinashuka, mtu analala. Ndiyo sababu watu wanazipenda. Lakini mwili unazoea. Baada ya majuma machache unataka zaidi, na ubongo unaanza kuzitegemea. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa shauri mwaka 2013 kwamba mtu mzima aliyepatwa na jambo la kutisha asipewe dawa za kundi hili kwa ajili ya hofu yake katika mwezi wa kwanza. Kijana wetu alianza palepale pabaya. Tena ukizichanganya na kaikpo, pumzi inaweza kusimama usingizini. Wapo walioamshwa asubuhi wasiamke.

Kundi la pili ni dawa za depresio: amitriptilini, fluoksetini na nyingine. Hizi haziendi haraka. Siku za kwanza, hasa na zile za aina ya fluoksetini, kortizoli inaweza hata kupanda kidogo, na wengine wanasikia wasiwasi zaidi. Hapo ndipo wengi wanasema, "Dawa hii ni mbaya kwangu," wanaacha. Lakini baada ya majuma 2 hadi 4, mara nyingine zaidi, masikio ya ubongo yanafunguka. Ubongo unaanza kusikia tena lile neno "inatosha". Kwa wagonjwa wengi wanaopona, saa za kortizoli zinarudi mahali pake. Dawa haikuleta furaha ya bandia. Imesaidia kengele kujifunza tena kunyamaza.

Kundi la tatu ni dawa za wazimu, ni kusema kwa yule anayesikia sauti zisizokuwapo au anayeamini mambo yasiyo ya kweli. Largactil, jina lake klorpromazini, ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952. Haldol, jina lake haloperidoli, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Siku hizi ziko na olanzapini na kwetiapini. Hizi mbili za mwisho zilijaribiwa kwa watu wenye afya, na zilishusha kortizoli yao. Haldol haikuishusha kwa namna ile. Unaona basi, dawa mbili zinaweza kutibu ugonjwa mmoja na kugusa homoni kwa njia mbili. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kubadilishana vidonge na jirani.

Kundi hili lina mambo mengine ya kujua. Olanzapini inaongeza hamu ya kula, na mtu ananenepa. Largactil na Haldol zinaweza kupandisha homoni ya maziwa. Hapo mwanamke anaweza kukosa siku zake, au maziwa yanatoka na hana mtoto mchanga. Jamaa wanaanza kusema amerogwa. Hapana. Ni dawa, na munganga anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Mwambieni.

Kundi la nne ni Tegretol, jina lake karbamazepini, na Gardenal, jina lake fenobarbitali. Zinajulikana sana kwa kifafa, na Tegretol inatumiwa pia kwa ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Hizi zinafanya ini kutumika mbio. Ini linavunja upesi homoni na dawa nyingine nyingi kabla hazijamaliza kazi. Vidonge vingi vya kupanga uzazi, pia ile inayowekwa ndani ya mkono, nguvu yao inapungua. Wazazi, mwulizeni munganga mbele, msije mkashangaa baadaye.

SABABU GANI TUSIACHE KWA SIKU MOJA?

Turudi katika shimo. Shimo linapotaka kuanguka, wachimbaji wanaweka miti ya kushikilia kuta. Siku nyingine mwenye shimo anasema kuta sasa zina nguvu, miti itolewe. Je, anatoa yote kwa siku moja, watu wakiwa ndani? Anatoa mmoja, anatazama. Anatoa mwingine, anatazama.

Dawa ni ile miti. Ubongo umejipanga kufuatana nayo. Ukiiondoa ghafula, kengele iliyokuwa imeshikwa inalia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa Valium, hofu inarudi maradufu, jasho, kutetemeka, na hata kifafa. Kwa Gardenal, kifafa kinaweza kufuatana bila kusimama, na hicho kinaua. Kwa amitriptilini, mtu anaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, ndoto kali, usingizi kukimbia. Kwa dawa za wazimu, wiki ya kwanza mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, hata kung'aa. Watu wanasema, "Mwaona? Amefunguliwa!" Kisha baada ya majuma au miezi, ugonjwa unarudi, na kikundi cha maombi hakipo tena kumbeba.

Kwa depresio, shauri la OMS ni kuendelea na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Angalia: si baada ya kuanza kunywa, ni baada ya dalili kuisha. Kisha inapunguzwa pole pole.

NENO KWA WASICHANA NA AKINA MAMA JUU YA DEXA

Hapa nageuka kidogo, kwa sababu jambo hili linahusu tezi zile zile za juu ya figo. Wako wasichana wanaonunua deksametazoni, wanaiita Dexa, ili wanenepe na wapate mashavu. Mjue kwamba Dexa ni ndugu wa kortizoli, na nguvu yake inapita kortizoli zaidi ya mara 20. Ni dawa nzuri sana mkononi mwa munganga, inaokoa watu. Lakini ukiinywa miezi kwa ajili ya uzuri, ubongo unasikia "inatosha, inatosha" kila siku, na tezi zako zinalala. Siku unapoacha ghafula, hazina nguvu ya kuamka. Unalegea, unatapika, presha inaanguka, unaweza kufa.

Tena Dexa nyingi inaweza kuvuruga akili. Mtu hapati usingizi, anacheka kupita kiasi, kisha analia, au anaanza kusikia sauti. Nimeona jamaa wakitafuta mchawi nyumba kwa nyumba, na mchawi alikuwa ndani ya mfuko wa msichana. Kama umekwisha kuitumia muda mrefu, usiitupe leo. Nenda kituo cha afya, useme ukweli, wakusaidie kushuka ngazi kwa ngazi.

JE, MAOMBI?

Msiwaze kwamba pasta wenu ameacha maombi. Naomba zaidi kuliko zamani. Lakini nimesoma tena habari za Elia katika 1 Wafalme 19. Mtumishi yule alichoka hata akatamani kufa. Malaika alimfanyia nini kwanza? Hakumhubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Neno la Mungu lilikuja baadaye, mwili ulipopata nguvu. Na Luka, mwenzake Paulo, alikuwa munganga. Paulo hakumwambia aache kazi yake.

Tena dawa si kila kitu. Mtu wa troma anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa utaratibu. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya kazi moja iliyofanywa huku kwetu mashariki ya Kongo na wanawake karibu 400 waliotendewa jeuri. Wengine walikutana kwa vikundi pamoja na wasaidizi waliofundishwa, wakajifunza kupanga mawazo yao juu ya mambo yaliyowapata. Wengine walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Baada ya miezi 6, katika vikundi vile waliobaki na dalili za huzuni na hofu walikuwa 9 katika 100. Kwa wale wengine walikuwa 42 katika 100. Wasaidizi wale hawakuwa wanganga wakubwa. Walikuwa watu wa hapa hapa, waliofundishwa vizuri. Je, makanisa yetu hayawezi kutuma vijana na akina mama wakafundishwe?

Kwa hiyo dawa, maongezi, usingizi, chakula, kazi na maombi, vyote ni mikono ya Mungu mmoja. Mkono mmoja usikate mwingine.

JIBU KWA MAMA

Mama yetu, hili ndilo jibu lako. Mtoto asitupe dawa. Unasema anaendelea vizuri, basi huo ni ushuhuda, umshukuru Mungu. Juu ya kunenepa na uzito wa asubuhi, fanya hivi:

1. Umpeleke kwa yule aliyeandika dawa, mwambie yote mawili. Mara nyingi inatosha kubadilisha saa ya kunywa, au kipimo, au dawa yenyewe.

2. Andika katika daftari: jina la dawa, kipimo, siku ya kuanza. Kama mnakimbia, daftari na vidonge vitoke pamoja na vitambulisho. Katika kambi, mwonyesheni infirmiye siku ya kwanza.

3. Dawa zisiishe. Zikibaki za juma moja, anza kutafuta nyingine. Wanaokwenda machimboni wachukue za kutosha.

4. Dawa zikae kwa mtu mzima mwenye akili, si chini ya mto wa mgonjwa. Amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua, na mtu mwenye huzuni anaweza kujaribu.

5. Asichanganye na pombe, wala na vidonge vya sokoni.

6. Akifunga kwa maombi, asiache dawa. Anaweza kufunga jambo lingine.

7. Akisema anataka kufa, au akianguka na kifafa, msingoje kesho. Siku hiyo hiyo hospitali.

Na wale ndugu wa kikundi cha maombi, mama, usiwachukie. Wanampenda mtoto wako. Wape ukurasa huu wasome. Waambie waje kuomba saa ya jioni, na wamalize kwa kumletea maji ya kumezea dawa.

Kijana wetu alikaa hospitali siku nyingi. Walirudisha dawa, wakashuka tena polepole. Valium ilikwisha kwanza. Amitriptilini alimaliza mwaka 2021 kwa ruhusa ya munganga, na leo anatengeneza pikipiki. Siku moja nilimwendea kwenye kazi yake nikamwomba msamaha. Alipangusa mikono yake yenye mafuta, akasema: "Baba Pasta, ulisema vile ulijua. Sasa unajua ingine. Useme hiyo."

Ndiyo maana nimeiandika. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya usingizi wa watoto katika kambi.

Maswali kwa mazungumzo ya jamaa:
1. Katika nyumba yetu, ni nani anayekunywa dawa za kila siku, na ni nani mwingine anayejua majina yake?
2. Mtu akishtuka au kukasirika upesi, sisi tunamwambia nini? Neno hilo linatuliza kengele au linaipiga?
3. Kanisa letu linaweza kufanya nini kwa mgonjwa mmoja wa akili tunayemjua, kuanzia juma hili?